Kinyozi Anayetazamwa

Chewa alikuwa amefungua mdomo wote, na ndani ya mdomo huo alikuwamo samaki mwingine, mdogo, mzima.

Nilikuwa nimelala kifudifudi juu ya maji ya Chumbe, kile kisiwa kidogo kusini ya Mji wa Unguja, miwani ya kuzamia imenibana mpaka kichwa kinauma. Chini yangu chewa wa urefu wa mkono ametulia juu ya mwamba kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha saluni. Yule mdogo hakuzidi sana kidole changu kirefu. Mwili wake ulikuwa wa buluu iliyopauka, na mstari mweusi ulianzia mdomoni, ukapita kwenye jicho, ukazidi kupanuka hadi mkiani. Alizunguka ndani ya taya, akapotea, akatokea ubavuni kupitia kwenye matamvua, akarudi tena mdomoni. Nilisubiri mdomo ufungwe. Ulifungwa nusu, ukafunguka. Mdogo akatoka bila haraka yoyote, chewa akajitikisa, akaenda zake.

"Huyo kinyozi wao, dada," aliniambia mzee aliyetuongoza, tulipokuwa tumeshika boya tukipumzika. Alikuwa mvuvi kabla hajawa mlinzi wa hifadhi. "Nimepasua matumbo ya chewa umri wangu wote. Huyu sijapata kumkuta ndani hata siku moja."

Nilirudi Dar na sentensi hiyo. Nilikuwa nimepanga kuandika makala fupi ya utalii: upande wa magharibi wa kisiwa hakuvuliwi tangu 1994, matumbawe yanapendeza, njoo na kofia. Badala yake nimekaa wiki kadhaa nikisoma habari za samaki mmoja, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kuona kwamba mambo yake yananihusu kuliko nilivyopenda.

Kwa jina la kitaalamu ni Labroides dimidiatus. Mimi nitamwita kinyozi, kama alivyomwita yule mzee. Anaishi kuanzia Bahari ya Shamu na pwani yetu hii mpaka visiwa vya mbali vya Pasifiki, na mara chache sana hupita sentimita 14. Hazunguki ovyo. Ana kituo chake, pembe fulani ya mwamba au tumbawe lililosimama peke yake, na wateja wanakijua. Wanakuja wenyewe. Wanasimama, wengine kichwa chini mkia juu, mapezi wameyatanua, baadhi wanabadilisha rangi ili vijidudu vilivyong'ang'ania ngozi vionekane vizuri. Naye huwapokea kwa kucheza, anapanda na kushuka majini kwa mtikisiko fulani ambao ukishauona mara moja huusahau.

Alexandra Grutter, mtaalamu wa samaki wa Australia, alikaa kwenye miamba ya Lizard Island akihesabu. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1996 yanasema kinyozi mmoja hula vimelea wapatao 1,200 kwa siku, na huwakagua wateja zaidi ya 2,000. Nilisoma mara mbili kuhakikisha. Elfu mbili kwa siku! Hakuna saluni ya Kariakoo inayofikia hapo hata mkesha wa Idi. Baadaye Grutter na wenzake waliwaondoa vinyozi wote kwenye baadhi ya vipande vya mwamba, wakasubiri miezi 18, wakarudi kutazama. Aina za samaki zilikuwa zimebaki nusu, na idadi ya samaki wenyewe imebaki robo. Wengi waliopungua ni wale wenye uwezo wa kuhama. Walikuwa wamekwenda kutafuta mahali penye huduma.

Mpaka hapo hii ni hadithi ya darasa la nne: mmoja anashiba, mwingine anasafika, wote wanafurahi. Shida inaanza unapouliza kinyozi mwenyewe anapenda kula nini.

Hapendi vimelea. Au niseme vizuri: anavila, lakini akipewa nafasi ya kuchagua, anachagua ute, ule utelezi unaofunika ngozi ya samaki na kumkinga. Hilo limepimwa katika maabara, na matokeo hayana utata. Kwa mteja, kutolewa ute ni hasara, maana ndiyo ngozi yake ya nje na humgharimu nguvu kuutengeneza. Kwa kinyozi ndio mnofu. Kwa hiyo fikiria siku yake ilivyo: mara elfu mbili anasogezewa sahani yenye ugali mkavu na nyama ya kukaanga, na makubaliano ni kwamba ale ugali. Anapoamua kumega nyama, mteja hushtuka mwili mzima, na watafiti wameifanya ile mishtuko kuwa kipimo chao cha udanganyifu.

Kwa maneno mengine, kila anapomega kimelea anajinyima. Sasa hili ni jambo kubwa. Uaminifu wa mtu asiyetamani kuiba haunishangazi, mimi mwenyewe siibi baiskeli kwa sababu siwezi kuendesha. Huyu anatamani, mdomo wake uko palepale, na bado kwa sehemu kubwa ya siku anajizuia. Kwa nini?

Redouan Bshary, ambaye alianza kuwatazama samaki hawa Ras Mohammed kule Misri na kwa miaka mingi amefundisha chuo kikuu cha Neuchâtel, Uswisi, amelijibu swali hilo kwa namna inayokata maini. Kinyozi, anasema, ana wateja wa aina mbalimbali na hawatendei sawa. Wapo wala samaki kama yule chewa wangu. Hao karibu hadanganyi kabisa, na sababu hahitaji mtu kuelezwa. Wapo wapita njia, wenye eneo kubwa la kuzunguka, ambao ndani ya eneo lao kuna vituo viwili vitatu. Hao wakiudhika wanaenda kwa jirani, kwa hiyo wanahudumiwa kwanza na wanahudumiwa vizuri. Halafu wapo wakazi. Samaki wadogo wenye eneo dogo, na ndani ya eneo hilo kuna kituo kimoja tu. Hao wanasubiri. Mpita njia akifika, mkazi anawekwa pembeni, kwa sababu kinyozi anajua huyu hana pa kwenda. Silaha aliyonayo mkazi ni moja: akiumwa, humfukuza kinyozi na kumkimbiza mwambani. Ikitokea hivyo, safari inayofuata kinyozi huwa na adabu, na mara nyingi huanza kwa kumpapasa mgongo mteja kwa mapezi yake ya tumboni, kama mtu anayeomba yaishe.

Nilipofika hapo niliweka simu chini. Niliona sura ya mtu ninayemjua.

Ngoja kwanza nimlete Kant, maana wasomaji wa hapa mtamtaja hata nisipomtaja. Katika kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu misingi ya maadili, Kant anatoa mfano wa muuza duka ambaye hampunji mteja asiyejua bei. Hata mtoto akitumwa, anauziwa kwa bei ileile ya mtu mzima. Vizuri, anasema Kant, watu wanahudumiwa kwa uaminifu. Lakini biashara yenyewe inamtaka awe hivyo, kwa hiyo hatuna sababu ya kuamini kwamba anafanya kwa kuwa ni wajibu. Kitendo ni sahihi, ila thamani ya kimaadili haimo. Mangi wa mtaani kwetu akisikia hivyo atacheka. Kwake jina zuri ni mtaji, na haoni aibu kusema hivyo.

Zamani zaidi kuna Glaucon, ndani ya Jamhuri ya Plato, na kisa chake cha mchungaji Gyges aliyepata pete ya kumfanya asionekane. Mchungaji huyo hakuchukua hata wiki: alimtongoza malkia, akamuua mfalme, akaketi kitini. Glaucon anauliza: kama pete hizo zingekuwa mbili, mtu mwema akapewa moja na mwovu nyingine, je, kungekuwa na tofauti yoyote kati yao? Anadai wengi wetu tu wema kwa sababu tunaonekana.

Mwaka 2006 Bshary na Grutter walichapisha jaribio ambalo, kwa macho yangu, ni pete ya Gyges iliyotiwa ndani ya tangi la maji. Kwanza walionyesha kwamba samaki mteja huwatazama vinyozi wakiwa kazini, na akipewa kuchagua, husogea karibu na yule aliyemwona akifanya kazi vizuri. Yaani wateja wanasikilizia sifa kabla ya kukaa kwenye kiti. Kisha waligeuza kibao. Walitumia vibati vya plastiki badala ya wateja, vimewekwa vipande vya kamba, ambavyo kinyozi anavipenda, na chakula kingine ambacho hakipendi sana. Ule kamba, kibati kinaondolewa. Jambo lililoonekana ni hili: kinyozi alipokuwa na hadhira alijizuia zaidi kuliko alipokuwa peke yake na mteja mmoja. Pete ikivaliwa, meno yanakwenda kwenye ute.

Marafiki zangu wawili niliowasimulia habari hii walitoa hukumu moja, kwa haraka ileile: "Mnafiki huyo." Mmoja ni mwanasheria, mwingine ni mlokole, na sijawahi kuwaona wakikubaliana jambo jingine lolote. Hukumu hiyo ilinisumbua, na ili nieleze kwa nini, lazima nitaje bahasha.

Kwa wasiofanya kazi yangu: bahasha ni zile fedha anazopewa mwandishi wa habari mwishoni mwa semina au uzinduzi, kwa jina la nauli. Hakuna anayekuambia uandike nini. Unasaini karatasi, unashukuru, unaondoka. Miaka michache iliyopita nilitumwa kwenye semina moja ya uvuvi katika hoteli ya ufukweni, kusini mwa Dar. Siwataji waandaaji, kwa kuwa kosa ninalolieleza ni langu. Mada zilikuwa nzuri, chakula kizuri, nilisaini, nikachukua. Nje, chini ya mkungu, walikuwa wamekaa wanawake watatu wanaovua pweza kwa miguu, wale wanaotembea mwambani maji yakitoka. Walitaka kusema jambo. Sehemu waliyokuwa wakipitia kwenda pwani ilikuwa imewekwa uzio, na hakuna aliyewaita kwenye semina. Mkubwa wao, bibi mwenye kidole gumba kilichopindika, aliniuliza, "Utaandika, mwanangu?" Nikamjibu, "Nitaandika, bibi." Nikaandika kwenye daftari, pamoja na namba ya simu ya mjukuu wake.

Habari ilitoka siku mbili baadaye. Maneno 600, picha ya mgeni rasmi, nukuu tatu kutoka meza kuu. Uzio haukuwamo.

Hakuna mhariri aliyeufyeka. Niliuacha mimi, nikijiambia nafasi haitoshi, na kwamba upande wa pili haujajibu, sababu ambazo kila mwandishi anazo mfukoni kama njiti za kibiriti. Ukweli ni kwamba waandaaji walikuwa wapita njia. Wangeudhika, mwaka unaofuata wangemwalika mwandishi wa gazeti jingine. Bibi alikuwa mkazi. Mwandishi aliyefika pale siku ile alikuwa mmoja tu.

Ndiyo maana neno "mnafiki" lilinipa shida. Ukimwita kinyozi mnafiki, unakuwa umetazama ndani ya moyo wake ukakuta hauna usafi, na kesi imefungwa. Lakini nilipojichunguza mimi moyo wangu sikuukuta mchafu sana! Nilimwonea huruma yule bibi. Nilikusudia kuandika, nia ilikuwepo, safi kabisa, Kant mwenyewe angeipigia saluti. Kilichokosekana ni mtu wa kunitazama kwa niaba yake. Wasomaji wa gazeti hawakujua uzio upo. Bibi hakununua gazeti. Kati yangu na yeye hapakuwa na hadhira hata mmoja, na nia yangu safi ililala usingizi fofofo.

Siku hizi nadhani Kant na Glaucon, kwa hekima yao yote, wanatupeleka kutazama upande mmoja tu wa kiti. Wote wawili wanamkagua mwenye mkasi: je, ndani yake kuna nini, angefanya nini kusipokuwa na mtu. Ni swali halali. Kwa mteja aliyeinamisha shingo kuna swali jingine la haraka zaidi: nikiumia, nitaenda wapi? Mwambani swali hilo la pili ndilo linaloamua nani ananyofolewa ute na nani anahudumiwa vizuri. Kinyozi ni yuleyule mmoja, moyo wake ni uleule, asubuhi moja. Anakuwa mwaminifu kwa chewa, mwungwana kwa mpita njia, na mjanja kwa mkazi. Ukitaka kujua tabia yake huna haja ya kumpasua kifua, angalia mteja ana milango mingapi.

Najua pingamizi lake, na si dogo. Kama wema wote ni suala la milango na macho, tumemsamehe kila mwizi: kosa la mlinzi aliyelala. Mama yangu, ambaye hajasoma Plato, angesema mtu anayengoja kutazamwa hajalelewa. Nakubaliana na mama. Ningependa kuwa mtu ambaye angeandika habari ya uzio hata kama dunia nzima imefumba macho. Ila nimeishi na nafsi hii zaidi ya miaka thelathini, naijua. Na mwandishi anayesema, "Mimi siwezi kununuliwa, kwa hiyo sihitaji kutazamwa," namwogopa kuliko yule anayekiri kwamba bahasha ikifunguliwa mikono yake inatoka jasho.

Wapo wanaosema tatizo hili lingekwisha tukiadhibiana wenyewe kwa wenyewe, ndani ya taaluma. Kinyozi anayo hata hiyo. Huishi kwa kundi, dume mmoja na majike kadhaa, na mara nyingi dume na jike humhudumia mteja pamoja. Nichola Raihani, Grutter na Bshary walionyesha mwaka 2010 kwamba jike akidokoa ute na mteja akakimbia, dume humgeukia jike na kumkimbiza, na baada ya hapo jike hujirekebisha. Dume anamtetea mteja ambaye si ndugu yake! Inapendeza mpaka ukumbuke kwamba mteja aliyekimbia alikuwa pia chakula cha dume. Anamlinda mteja kwa tumbo lake mwenyewe. (Dume huyo, kwa taarifa yako, alianza maisha akiwa jike. Dume akifa, jike mkubwa kuliko wote kundini huanza kujiendesha kama dume ndani ya saa chache, na wiki mbili tatu baadaye mwili nao umebadilika na kuanza kutoa mbegu. Kwa hiyo anayekimbizwa leo kwa kudokoa anaweza kesho akawa msimamizi wa maadili. Tumeona hayo kwenye vyumba vyetu vya habari pia.)

Halafu wapo makanjanja. Mwambani yupo samaki mwingine, Aspidontus taeniatus, wa ukoo tofauti kabisa, aliyejipaka rangi zilezile, mstari uleule, na anayejua hata kucheza ule mchezo wa kukaribisha wateja. Mteja akisogea kwa imani, huyu anaweza kumnyofoa kipande cha pezi. Anaishi kwa jina ambalo wengine wamelitengeneza kwa kujinyima mara elfu mbili kwa siku. Sina la kuongeza juu yake, isipokuwa kwamba siku ya semina ile nilikuwa nimevaa kitambulisho shingoni.

Sasa kuhusu kioo, maana hapa ndipo nilipobabaika.

Mwaka 2019 Masanori Kohda na wenzake wa Osaka, Japani, walitoa taarifa kwamba kinyozi huyu amefanya vizuri kwenye jaribio la kioo, lile ambalo Gordon Gallup aliliweka mwaka 1970 kwa sokwe. Mwanzoni samaki alipigana na picha yake kana kwamba ni mgeni. Baada ya siku kadhaa akaacha ugomvi, akaanza kufanya vituko vya ajabu mbele ya kioo, kuogelea kichwa chini na mengineyo. Ndipo akatiwa alama ya rangi ya kahawia chini ya koo, inayofanana na kimelea, mahali asipoweza kupaona bila kioo. Akajitazama, kisha akaenda kusugua koo lake chini, kwenye mchanga na mawe. Alama isiyo na rangi hakuisugua. Penye rangi lakini pasipo kioo, hakusugua. Ubishi ulikuwa mkali, na Frans de Waal, aliyetumia maisha yake kusoma nyani na sokwe, alishauri tusichukulie kujitambua kama taa ya kuwasha na kuzima, kwamba ama unayo ama huna. Mwaka 2023 kundi hilohilo la Kohda lilionyesha kuwa samaki hawa wanatambua hata picha ya uso wao.

Nilitaka sana habari hiyo inipe jibu. Nilijiambia: anayejijua sura anaweza kujitazama mwenyewe, na anayeweza kujitazama mwenyewe ana hadhira popote alipo, pete ya Gyges haimfai tena kitu. Si ndiyo tunachokiita dhamiri? Lakini tazama alichofanya mbele ya kioo. Aliona doa, akalisugua. Alikuwa akishughulikia mwonekano wake. Nilipofika kwenye mstari huo wa mawazo nilikumbuka kwamba mimi nami, jioni ile nikirudi kutoka semina, nilijitazama kwenye kioo cha daladala, nikatengeneza mtandio.

Kipo kipande cha mwisho, na ndicho kilichoniondolea matumaini ya kwamba kinyozi akishazoea uaminifu basi huwa tabia yake ya kudumu. Lizard Island ilipigwa na vimbunga viwili, mwaka 2014 na 2015, kisha mwaka 2016 joto la bahari likayafanya matumbawe yake kupauka. Vinyozi walipungua kwa asilimia 80. Zegni Triki, Bshary na wenzao waliwapima waliobaki kwa majaribio yaleyale ambayo mababu zao walikuwa wakiyaweza, na wengi wakashindwa. Hawakumpa tena kipaumbele mteja anayeweza kuondoka. Walipotazamwa, hawakujizuia. Mteja hakuwa tena na kituo cha pili cha kukimbilia, na kinyozi hakuwa na mshindani wa kumhofia. Adabu iliyochukua muda mrefu kujengeka ikaisha ndani ya miaka michache, na hakuna aliyeamua kuwa mbaya.

Kwenye kazi yangu vimbunga ni vya aina nyingine. Magazeti yanapunguza kurasa, waandishi wa mikoani wanalipwa kwa habari, wengine hawalipwi kabisa, na kijiji ambacho zamani kingefikiwa na waandishi watatu sasa kinafikiwa na mmoja, aliyeletwa na gari la waandaaji. Watu hunilalamikia kwamba waandishi wa siku hizi wamekosa maadili. Wanasema kana kwamba kuna ghala ambako maadili yalihifadhiwa na sisi tumeyauza.

Wiki iliyopita nililitafuta lile daftari. Lilikuwa chini ya kabati la televisheni, limeliwa pembe na mende. Ukurasa upo: uzio, nguzo ngapi, tangu lini, njia ya zamani ilipita wapi, na namba ya mjukuu. Nilipiga nikiwa na hakika kwamba haitapatikana. Ikaita.

"Nani mwenzangu?"

Nikajitambulisha, nikataja semina, nikataja bibi. Kimya kidogo, nikasikia jogoo huko aliko. Akasema bibi yuko hai, ila saa hizi hayupo. Leo bamvua, maji yametoka mapema, amekwenda mwambani na wenzake.

"Kwa njia gani?" niliuliza.

"Ya kuzunguka," akasema. "Piga jioni, shangazi. Maji yakijaa atakuwa amerudi."